Kutoka kutibu hadi kufundisha: mwongozo kwa daktari wa familia anayetaka kuwa mwalimu

Daktari wa familia hakawii kukabidhiwa mwanafunzi. Pengine hata ubingwa hajaumaliza, anaambiwa tu, "Huyu atakaa na wewe mwezi huu," na kijana anavuta kiti kando ya meza. Hakuna anayeuliza kama anajua kufundisha. Inachukuliwa kwamba anayejua kutibu atajua pia kuelekeza. Miaka inapita, wanafunzi wanakuja na kuondoka, na siku nafasi ya uhadhiri inapotangazwa hana hata karatasi moja ya kuonyesha alichokifanya.

Mwongozo huu unaipanga njia hiyo kwa hatua, kuanzia ukiwa rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, hadi utakapoongoza programu ya mafunzo. Hatua hazilingani uzito. Nitakaa sana kwenye ya tatu na ya nne, kwa sababu ualimu wa tiba ya familia hujengwa chumbani mbele ya mgonjwa. Shahada, mtaala, utafiti na cheo husimama juu ya hapo. Anayekimbilia shahada ya ualimu kabla hajajua kumtazama mwanafunzi akifanya kazi hurudi na nadharia mpya na mazoea yaleyale.

Hatua ya 1: Jua unachofundisha

Mwaka 1961 Kerr White na wenzake walichapisha hesabu ambayo kila mwalimu wa fani hii anapaswa kuwa nayo kichwani. Kati ya watu wazima 1,000, katika mwezi mmoja, takriban 750 hupatwa na maradhi au jeraha la aina fulani. Kati yao 250 humwona daktari, 9 hulazwa hospitalini, 5 hupewa rufaa kwa daktari mwingine, na 1 tu hufika hospitali ya chuo kikuu. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayesomea wodi za chuo peke yake anajifunza udaktari kwa kumtazama huyo mmoja. Wengine wote waliomwona daktari, na mamia waliougua bila kwenda popote, hawaoni kabisa.

Hao ndio somo lako. Unafundisha jinsi ya kumpokea mtu ambaye ugonjwa wake bado hauna jina, kikohozi cha siku mbili ambacho kinaweza kuwa mafua na kinaweza kuwa mwanzo wa jambo zito. Unafundisha kumhudumia mtu mmoja mwenye maradhi manne kwa pamoja, kumfuatilia kwa miaka, kuiona familia nyuma yake, na kujua ni wakati gani kusubiri ndiyo tiba na wakati gani kusubiri ni hatari. Wodini mambo haya hayafundishiki kwa urahisi, kwani mgonjwa anayefika huko ameshachujwa na wengine.

Jua pia kwamba kazi hii ni ya zamani lakini kama fani ya chuo kikuu ni changa. Chuo cha kitaaluma cha madaktari wa tiba ya jumla nchini Uingereza kilianzishwa mwaka 1952. Profesa wa kwanza wa fani hii duniani, Richard Scott, alipewa kiti chake Edinburgh mwaka 1963. Marekani ilitambua ubingwa wa tiba ya familia mwaka 1969, na WONCA, shirikisho la dunia la madaktari wa familia, likaundwa mwaka 1972. Kwa mwalimu chipukizi uchanga huo una faida na gharama zake. Idara nyingi ni ndogo, nafasi zipo, na unaweza kupewa majukumu makubwa mapema. Lakini utatumia vikao vingi kuwaeleza wakuu wa upasuaji na magonjwa ya ndani kwa nini wanafunzi wanahitaji wiki zaidi nje ya hospitali. Hesabu ya White itakufaa sana kwenye vikao hivyo.

Hatua ya 2: Utumie ubingwa wako kama shule ya ualimu

Muda wa ubingwa hutofautiana. Kanada ni miaka 2, Marekani na Uholanzi ni 3, Afrika Kusini ni 4. Kwa anayetaka kufundisha, idadi ya miaka si kigezo kikubwa. Unapochagua programu, uliza mambo haya: Nitakuwa na wagonjwa wangu mwenyewe nitakaowafuatilia tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho? Ni nani atakayekaa chumbani kunitazama, na mara ngapi? Marezidenti hufundisha walio chini yao, au huachiwa tu kazi za zamu? Jibu la swali la pili likiwa "walimu wetu wako wazi muda wowote ukiwahitaji", elewa kwamba hakuna anayetazama.

Ukishaingia, chukua jukumu moja la kufundisha na ulishike kikamilifu. Linaweza kuwa kundi dogo la wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaojifunza kuchukua historia ya mgonjwa. Ukipewa urezidenti mkuu, usiukatae kwa kuwa ni kazi ya kupanga zamu. Hapo ndipo utajifunza kwamba ratiba ndiyo mtaala halisi: kisichokuwa na saa yake kwenye ratiba hakifundishwi, hata kama kimeandikwa kwa wino wa dhahabu kwenye kitabu cha programu.

Hatua ya 3: Jifunze kufundisha foleni ikiwa mlangoni

Kliniki haina muda wa mhadhara. Mwanafunzi ametoka kumwona mgonjwa, amesimama mbele yako na maelezo yake, na nje kuna watu kumi na wanne. Kishawishi kikubwa ni kusema "hebu nimwone", kuingia, kumaliza kila kitu mwenyewe na kutoka. Mgonjwa amehudumiwa vizuri, ila mwanafunzi amejifunza jambo moja tu, kwamba wewe unajua.

Mbinu inayofaa zaidi hapa ilitolewa mwaka 1992 na Neher na wenzake, wao wenyewe wakiwa waalimu wa tiba ya familia. Ina hatua tano na hufahamika kama mbinu ya mwalimu wa dakika moja, ingawa kwa kweli huchukua dakika nne au tano. Tazama inavyokwenda:

— Dokta, ni mwanaume wa miaka 52, amekuja kuchukua dawa za presha. Leo ni 158 kwa 96.

— Unadhani tatizo ni nini, na wewe ungefanya nini?

— Presha haijadhibitiwa. Ningemwongezea dawa ya pili.

— Kipi kimekupeleka huko?

— Kwenye faili, mara iliyopita ilikuwa 154 kwa 94. Kwa hiyo si ya leo tu.

— Na hiyo dawa ya kwanza anaimezaje?

— Nilimuuliza kama anameza, akasema ndiyo.

— Kuna dawa nyingine yoyote anayotumia? Ya maumivu, kwa mfano?

— Hilo sikuuliza, Dokta.

Hadi hapo umefanya mambo mawili. Umemfanya mwanafunzi achukue msimamo wake mwenyewe, kisha umechimba kujua msimamo huo umesimama juu ya nini. Hukutoa jibu, na bado umeshajua pengo liko wapi. Ungeanza na maelezo yako usingelijua kamwe. Sasa toa kanuni moja: "Presha isiyoshuka, kabla ya kuongeza dawa hakikisha mambo matatu. Kipimo kimechukuliwa sawasawa, dawa inamezwa kweli, na hakuna kitu kinachoipandisha, kama vile dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki." Kisha mtajie alichofanya vizuri, ukikitaja kwa jina: "Ulifungua faili ukalinganisha na mara iliyopita. Endelea hivyo." Mwisho, rekebisha: "Swali la 'unameza dawa?' lina jibu moja tu ambalo mgonjwa muungwana atakupa. Mwambie hivi: watu wengi husahau dawa siku mojamoja, wiki iliyopita zilikupita siku ngapi? Rudi ukamuulize, nakuja baada ya dakika tatu."

Kanuni ni moja. Waalimu wengi huharibu hapa. Mwanafunzi akishakiri kwamba kuna jambo hakuuliza, mwalimu anaona mlango umefunguka na anamwaga kila anachokijua kuhusu presha tangu figo hadi retina. Foleni inasimama, na jioni mwanafunzi hakumbuki hata kimoja.

Kwa rezidenti aliyekomaa, mgeuzie usukani. Mbinu ya SNAPPS, iliyochapishwa na Wolpaw na wenzake mwaka 2003, humtaka mwanafunzi mwenyewe afupishe kisa, apunguze magonjwa yanayowezekana hadi mawili au matatu, ayalinganishe, amhoji mwalimu pale anapokwama, apendekeze mpango, na achague jambo la kwenda kujisomea. Kazi yako inakuwa kujibu na kunyamaza.

Mambo mawili hufanyika kabla kliniki haijaanza. La kwanza, pitia orodha ya siku na uchague ni nani anamfaa mwanafunzi na kwa lengo gani. La pili, ruhusa ya mgonjwa iombwe wakati mwanafunzi hayupo chumbani. Ruhusa inayoombwa kijana akiwa ameshaketi na koti lake jeupe si ruhusa, kwani ni wagonjwa wachache watakaothubutu kusema hapana.

Na mwachie mwanafunzi amwone mgonjwa huyohuyo tena. Yule wa presha arudi baada ya wiki nne mikononi mwa mwanafunzi yuleyule. Uendelevu, yaani kumfuatilia mgonjwa yuleyule kwa muda, haufundishwi kwa slaidi. Chuo Kikuu cha Minnesota kiliona hivyo tangu mwaka 1971, kilipoanza kuwapeleka wanafunzi wa udaktari kuishi na kujifunza kwa miezi tisa katika jamii za vijijini badala ya kuwazungusha wodi hadi wodi. Hata kama huna miezi tisa, wiki sita zinatosha kumwona mtu mara mbili.

Hatua ya 4: Tazama, kisha sema ulichokiona

Mwaka 1990 George Miller aliuchora umahiri kama piramidi ya ngazi nne: kujua, kujua namna, kuonyesha namna, na kufanya. Mtihani wa karatasi hupima ngazi mbili za chini. Mtihani wa vituo, ambamo mwanafunzi hupita kituo hadi kituo akionyesha ujuzi mmoja mmoja, ule ambao Ronald Harden alianzisha Dundee, Uskoti, na kuuchapisha mwaka 1975, hupima ya tatu. Ya nne, anachofanya daktari na mgonjwa halisi siku ya kawaida, hupimwa kwa njia moja tu, nayo ni mtu kukaa na kutazama. Hospitali imejaa walimu wanaotathmini wanafunzi kwa kusikiliza ripoti zao. Ripoti inaweza kuwa safi na mazungumzo yaliyoizaa yakawa mabovu.

Kutazama kuna ufundi wake. Kaa pembeni, nje ya macho ya mgonjwa, la sivyo ataongea na wewe. Usiingilie isipokuwa usalama wa mtu uko hatarini. Andika maneno yenyewe yaliyosemwa, hukumu yako iache kwanza. Si lazima utazame ziara nzima. Chagua kipande: dakika tatu za mwanzo, uchunguzi wa tumbo, au namna anavyoeleza mpango wa matibabu. Fomu fupi za kutazama, kama ile iliyotokana na kazi ya John Norcini na wenzake ya mwaka 1995, zilibuniwa kwa ajili ya hili, kipindi cha dakika 15 hadi 20 na mrejesho hapohapo. Fomu hiyo inamlazimisha mwalimu kuketi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko alama zinazojazwa humo.

Kisha mrejesho. Huu hapa wa kawaida, ambao umejaa kwenye mafaili ya kila programu: "Mwanafunzi mzuri, anajituma, aongeze kusoma." Ungeweza kuubandika kwa mtu yeyote. Linganisha na huu: "Mama alipotaja kwamba halali usiku, ulikuwa unaandika, na ukaendelea na swali la hamu ya kula. Alinyamaza na hakulirudia tena. Mgonjwa akitaja jambo ambalo hukulitarajia, weka kalamu chini, rudia maneno yake ya mwisho, subiri." Wa pili unaeleza tukio, matokeo yake, na cha kufanya kesho. Mwanafunzi anaweza hata kuupinga, na hiyo ni dalili nzuri.

Kuhusu utaratibu wa kusifu kwanza ndipo ukosoe, unaotokana na kanuni za Pendleton na wenzake za mwaka 1984: ulikuja kama dawa ya ukali wa waalimu wa enzi hizo, na ulistahili. Sasa umekuwa desturi tupu. Wanafunzi wanazipita sifa wakisubiri neno "lakini". Mimi naona ni bora uanze na swali, "Ulikuwa unataka kufikia nini pale?", useme ulichokiona, kisha mkubaliane jambo moja.

Kwa tathmini za mwisho wa kipindi, badilisha swali. Badala ya kuuliza "nimpe ngapi kati ya kumi?", uliza: "Kesho nisipokuwepo, ningemwachia kazi hii?" Wazo hili la kazi za kuaminiwa lilianzishwa na Olle ten Cate wa Uholanzi mwaka 2005, na lina viwango vitano: atazame tu, afanye ukiwa chumbani, afanye ukiwa karibu na kuitwa, afanye peke yake, na asimamie wengine. Mwalimu anayegawa saba kwa kila mtu huanza kufikiri upya akiulizwa kama yuko tayari kumwachia mtoto mchanga mwenye homa.

Mwanafunzi anayeyumba usimfiche. Ukiona tatizo wiki ya pili, lisemwe wiki ya pili, liandikwe, na mratibu ajulishwe. Kungoja siku ya mwisho ndipo umkwamishe ni dhuluma kwake, na kumpitisha kwa huruma ni dhuluma kwa wagonjwa wake wote wa baadaye. Usilibebe peke yako pia. Uamuzi wa kumzuia mtu uwe wa kamati.

Hatua ya 5: Tengeneza mtaala mdogo kabla ya mkubwa

Kabla hujaomba kuandika upya mtaala wa idara, buni kipindi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hatua sita zilizotolewa na David Kern na wenzake mwaka 1998 zinatosha: tambua tatizo, pima mahitaji ya wanafunzi wako hasa, andika malengo, chagua mbinu, tekeleza, tathmini. Watu hurukia mbinu na slaidi na kuacha mbili za mwanzo.

Chukua mfano wa kipindi cha kumtembelea mgonjwa nyumbani. Lengo la "mwanafunzi ataelewa umuhimu wa familia" halipimiki na halimsaidii yeyote. Andika: "Baada ya ziara, mwanafunzi atachora mti wa familia wa vizazi vitatu na kutaja kutoka humo hatari mbili za kiafya na mtu mmoja anayeweza kusaidia matibabu." Ukishaandika hivyo, mbinu na tathmini zinajipanga zenyewe: unajua ziara ifanyweje, na unajua karatasi utakayoisahihisha. Katika kutathmini, usikomee kwenye kuridhika kwa wanafunzi. Ngazi nne za Donald Kirkpatrick, zilizoanzia mwaka 1959, zinakusukuma uulize pia kama wamejifunza, kama wamebadili wanachofanya, na kama mgonjwa amefaidika.

Hatua ya 6: Mafunzo rasmi ya ualimu

Sasa ndipo shahada inapofaa. Kuna warsha za siku mbili, vyeti vya miezi, stashahada na uzamili wa elimu ya fani za afya. Dundee na Maastricht ni vyuo viwili vinavyojulikana sana kwa uzamili huo, na sehemu kubwa ya masomo ya aina hii husomwa kwa mbali huku ukiendelea na kazi. Programu za FAIMER, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, humtaka mshiriki aje na mradi wa kuboresha elimu katika chuo chake mwenyewe, na muundo huo ndio ninaoupendekeza hata ukisoma kwingine: nenda na tatizo halisi mkononi.

Subiri uwe umefundisha miaka miwili au mitatu kwanza. Uzamivu uache kwa anayependa utafiti wa elimu wenyewe; kuongoza programu vizuri hakuhitaji uzamivu.

Hatua ya 7: Watu

Unahitaji aina tatu za watu, na mara chache hupatikana kwa mtu mmoja. Mlezi wa kitaaluma ni yule unayeweza kumwonyesha rasimu mbovu bila aibu. Mdhamini ni yule anayelitaja jina lako kwenye kikao ambacho hukualikwa. Na rika ni mwenzako wa ngazi yako, mnayetazamana mkifundisha mara moja kila muhula na kuambiana ukweli. Huyu wa tatu ndiye rahisi kumpata na ndiye anayesahaulika zaidi.

Nje ya kituo chako kuna mitandao. WONCA ina vuguvugu za madaktari vijana, yaani marezidenti na walio ndani ya miaka mitano ya mwanzo baada ya kuhitimu: AfriWon Renaissance kwa Afrika, EYFDM (zamani Vasco da Gama) kwa Ulaya, Rajakumar kwa Asia na Pasifiki, Spice Route kwa Asia Kusini, Waynakay kwa Amerika ya Kilatini, Al Razi kwa nchi za Mashariki ya Mediterania, na Polaris kwa Amerika ya Kaskazini. Programu ya mabadilishano inayoitwa FM360 humwezesha daktari kijana kwenda kutazama kazi inavyofanyika katika nchi nyingine. Walimu wana vyama vyao pia, kama STFM ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1967 na EURACT ya Ulaya ya mwaka 1992.

Jambo la pembeni kidogo: jiunge na kundi la Balint, au lianzishe. Michael na Enid Balint walianza makundi haya London miaka ya 1950. Madaktari wachache hukutana kila baada ya muda, mmoja hueleza kwa kichwa, bila faili, mgonjwa anayemsumbua moyoni, kisha hunyamaza huku wenzake wakiujadili uhusiano wa wawili hao. Halitafuti utambuzi wa ugonjwa wala ushauri. Kwa mwalimu lina faida ya ziada, kwani unajifunza kuongoza mazungumzo bila kuyateka.

Hatua ya 8: Fungua jalada leo, chapisha baadaye

Walimu hodari wa kliniki hupitwa na vyeo kwa sababu kazi yao haionekani kwenye karatasi. Fungua jalada tangu siku ya kwanza na uweke humo: saa ulizofundisha na kwa nani, mpango wa kila kipindi ulichobuni, maoni ya wanafunzi (mabaya pia, pamoja na ulichobadilisha kutokana nayo), ripoti za rika aliyekutazama, na kazi za wanafunzi uliowasimamia. Dakika kumi kila Ijumaa zinatosha. Kulikusanya lote siku tatu kabla ya maombi ya cheo ni adhabu.

Hoja ya kwamba kufundisha nako ni usomi ilitolewa kwa nguvu na Ernest Boyer mwaka 1990, na mwaka 1997 Charles Glassick na wenzake wakaipa vigezo sita: malengo bayana, maandalizi ya kutosha, mbinu zinazofaa, matokeo yenye maana, uwasilishaji mzuri, na kujikosoa. Andika maelezo ya jalada lako kwa kufuata vigezo hivyo, na kamati ya vyeo itapata lugha ya kukutetea.

Kile kipindi cha ziara za nyumbani kinaweza kuwa makala yako ya kwanza. Ila omba kibali cha kamati ya maadili kabla ya kukusanya takwimu, si baada. Wanafunzi wako wana uhuru mdogo wa kukukatalia kuliko hata wagonjwa, kwa sababu wewe ndiye unayewapa alama. Mtu mwingine awagawie dodoso, na majina yasionekane.

Hatua ya 9: Kazi, cheo na uongozi

Unapopewa ajira ya chuo, mazungumzo ya mshahara yasikusahaulishe saa. Uliza ni nusu siku ngapi kwa wiki zimetengwa kwa kufundisha na kuandaa, bila foleni ya wagonjwa, na zitalindwaje mwenzako akiugua. "Utafundisha ukiwa kliniki" maana yake ni kwamba idadi ya wagonjwa wako haitapunguzwa, na katika hali hiyo kinachokatwa kwanza huwa ni kutazama. Omba iandikwe. Uliza pia kama chuo kina njia ya kupanda cheo kwa ualimu, kutoka uhadhiri hadi uprofesa, na usome masharti yake kabla ya kusaini.

Majukumu kwa kawaida hupandana hivi: kusimamia wanafunzi kliniki, kuratibu kipindi chao cha tiba ya familia, naibu mkurugenzi wa programu ya ubingwa, mkurugenzi, mkuu wa idara. Usiruke unaibu. Huko ndiko unakojifunza bajeti, ithibati na kesi za nidhamu huku kuna mtu mwingine wa kusaini. Ukifika kwenye ukurugenzi, anza kwa kuzisoma sambamba kanuni za ithibati za nchi yako na viwango vya kimataifa vya mafunzo ya ubingwa wa tiba ya familia ambavyo WONCA ilivitoa mwaka 2013, na uandike pale ambapo programu yako haifiki. Orodha hiyo ndiyo mpango kazi wako wa mwaka wa kwanza.

Na kabla ya kuukubali ukurugenzi, weka kwenye mkataba nusu siku mbili za kliniki kila wiki, moja kati yake ukiwa na mwanafunzi chumbani. Ziingizwe kwenye ratiba ya idara kabla ya mikutano.